Nimepewa watoto wa sande skuli, wazee wanasema nikileta sheria za ulinzi nawashuku watumishi. Nianzie wapi?

mwl_sandeskuli_mza

Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada wa mawazo, samahani itakuwa ndefu kidogo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza na tangu Januari kanisani wamenipa niongoze sande skuli na vijana wadogo. Watoto Jumapili ikijaa ni kama 140 hivi, walimu tuko 9, halafu kuna mwalimu wa kwaya ya watoto, kuna kaka anafundisha kinanda jioni siku za wiki, na Disemba huwa tuna kambi ya siku nne kwenye shule ya bweni tunayoazima, watoto wanalala huko huko.

Sasa nilipokaa nikaangalia mambo yanavyokwenda nikaanza kuogopa. Sijaona mtu akifanya kitu, hilo niliseme wazi kabisa asije mtu akaelewa vibaya. Kinachonitisha ni kwamba hakuna chochote cha kumzuia anayetaka kufanya. Kinanda ni mtoto mmoja na mwalimu mmoja, chumba cha nyuma, mlango umefungwa ili sauti isisumbue maombi ya katikati ya wiki. Kambi ya mwaka jana kiongozi mmoja wa kiume alilala bweni la wavulana yeye peke yake na watoto thelathini na kitu. Kwenye mkesha watoto wanalazwa kile chumba cha mavazi ya kwaya na yeyote anaingia gizani kutafuta begi lake. Mazoezi yakiisha saa moja usiku watu wazima wanabeba watoto mmoja mmoja kwenye bodaboda kuwapeleka kwao, na mzazi anashukuru kabisa maana kasaidiwa.

Nikaandika karatasi moja ya mapendekezo nikapeleka kwa wazee. Mzee mmoja ambaye namheshimu sana akaniambia, mwalimu, hapa sisi ni familia moja, tunajuana, ukileta haya unawashuku watumishi na hao walimu wako wachache wataondoka wote. Mama mchungaji alikaa kimya kikao kizima ila tulipotoka nje akanishika mkono akasema endelea mwanangu.

Kwa hiyo naomba kujua nianzie wapi bila kuonekana namnyooshea mtu kidole. Na siku mtoto akija kuniambia kitu nifanye nini hasa, maana kiukweli sijui na naogopa nitaharibu. Kama umeshafanya hivi kanisani, skauti, madrasa, timu ya mpira, popote pale, tafadhali andika.

skauti_wa_moshi

Salama mwalimu, na pole, najua hicho kikao kilivyokuwa maana mimi nimekaa vya namna hiyo vingi.

Nina miaka 17 kwenye skauti. Sisi mzizi wetu ni kanuni moja tu, mtu mzima hakai na mtoto peke yake mahali ambapo mtu mwingine hawezi kuwaona. Wanaiita kanuni ya wawili. Mambo mengine yote yanatoka humo. Na usifikiri tuliipata kwa busara zetu, tumeipata kwa machozi ya watoto wa watu. Kule Marekani chama cha Boy Scouts kilikuwa na mafaili ya siri tangu miaka ya 1920, ya viongozi walioondolewa kwa kuharibu watoto. Nia ilikuwa mtu asirudi tena, lakini faili lilibaki kabatini, mara nyingi polisi hawakuambiwa wala mzazi wa kikosi kile hakuambiwa, na wengine walirudi kupitia mlango mwingine. 2012 mahakama ya Oregon ikafanya maelfu ya kurasa za mafaili hayo yatoke hadharani. Februari 2020 chama kikaomba kinga ya mufilisi, wakajitokeza wadai zaidi ya 82,000, mfuko wa fidia ukafika dola bilioni 2.46. Hao nao walikuwa familia moja na walijuana, tena kila mmoja aliinua vidole vitatu akaapa.

Sasa kwa hayo uliyoandika. Kinanda: fundi akate sehemu ya mlango aweke kioo, na wajifunze watoto wawili wawili au mzazi akae pale, ni hivyo tu. Kambi: watu wazima wawili kwa kila bweni, wasiwe mke na mume wala ndugu, na wasilale katikati ya vitanda vya watoto, wawe na chumba chao karibu na mlango. Kuoga watoto wana saa yao na wakubwa wana saa yao, haziingiliani hata maji yakiwa ya shida. Usiku mtoto akitaka choo anaamsha mwenzake waende wawili, kiongozi anasimama mbali na tochi. Bodaboda: mzazi anaandika jina la anayemruhusu kumchukua mwanae, aliyeandikwa tu ndiye anachukua, na kama ni mwalimu anapeleka basi wanapelekwa zaidi ya mtoto mmoja. Meseji: hakuna mwalimu kumwandikia mtoto peke yake usiku, matangazo yote yanaenda kwenye grupu la wazazi. Zawadi ikitoka inatoka kwa wote au inapitia kwa mzazi. Na watoto wafundishwe kabisa kwamba hapa kwetu hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kukuambia "usimwambie mama".

Kuhusu kunyooshea kidole, mimi nilianza na mimi mwenyewe. Nilisimama mbele ya wazazi nikasema mimi fulani kuanzia leo sitakaa na mtoto wenu peke yangu, sitampa lifti peke yake, sitampigia simu bila nyie kujua, mkiniona nafanya hivyo mniulize mbele za watu. Baada ya hapo ni nani atasimama aseme yeye hataki? Jaribu hiyo Jumapili moja.

mkristo_wa_kawaida

Nimewasoma, niseme langu kwa heshima. Naona tunachukua mambo ya Marekani tunayapandikiza kwetu. Sisi mtoto wa mwenzio ni wako. Nimekulia kanisani, wazee walinishika mkono, walinibeba mgongoni, walinichapa nilipokosea, na ndio maana nimekuwa mtu. Leo babu wa kanisa akimwekea mtoto mkono kichwani ambariki watu waanze kupiga picha? Halafu mtoto mwenye chuki akimsingizia mwalimu jina la yule mtu limekwisha hata akishinda kesi. Mnaojitolea hamlipwi, mkiwekewa masharti kama ya benki nani atabaki kufundisha watoto? Sipingi ulinzi, napinga hofu.

nilikuwa_sauti_ya_pili

Ndugu hapo juu nakujibu bila hasira kwa sababu hayo maneno yako ndiyo mama yangu aliambiwa neno kwa neno.

Nilikuwa na miaka 11, naimba sauti ya pili kwaya ya watoto. Mwalimu wetu wa kwaya alipendwa kuliko mchungaji. Watu wanafikiri mtu wa namna hiyo anakuja na sura ya kutisha, anavizia njiani. Huyu alianza na mama yangu kabla hajafika kwangu. Mama alikuwa mjane, akalipiwa ada ya muhula, mvua zilipobomoa jiko akaleta bati, kila Jumapili anamsalimia shkamoo mama kwa adabu zote. Mimi nikawa "mwanae". Nikapewa nyimbo za kuongoza, nikapewa simu yake niangalie video, nikaambiwa nina kipaji hivyo nibaki baada ya wenzangu kuondoka. Ilichukua karibu mwaka mzima, kidogo kidogo, kila hatua ndogo kiasi kwamba huwezi kusema hapa ndipo palipoharibika. Na alipofika alipokuwa anakwenda nilishakuwa na deni kwake, mama ana deni kwake, ningesema nini na nani angenisikia? Sitaandika zaidi ya hapo.

Nilisema nikiwa na miaka 14. Wazee wakakaa kikao. Walilia kweli, sitasema hawakulia. Wakamwita, akakiri nusu, akaombewa, akahamishiwa kanisa la wilaya nyingine, na Jumapili ya kuagwa akapewa kitenge na bahasha na kwaya ikamwimbia. Mimi nilikuwemo kwenye ile kwaya. Mama aliambiwa asiitie kanisa aibu, yakaishia hapo. Mwaka juzi nimekutana na kijana anatoka kule alikohamishiwa. Hatukuhitaji kuambiana mengi.

Kwa hiyo mwalimu, ukiniuliza mimi, kioo cha mlangoni kingenisaidia. Watoto wawili wawili kingenisaidia sana. Lakini kilichomwumiza yule kijana wa pili ni kile kikao. Andika kwenye karatasi yako, kwa herufi kubwa, kwamba wazee hawachunguzi, hawasuluhishi, hawahamishi mtu. Wanapiga simu nje.

Na hilo la kusingiziwa, ukiwa hukai na mtoto peke yako mtu atakusingizia ulimfanya nini na wapi?

mlei_reading_uk

Dada/kaka uliyeandika hapo juu, asante kwa ujasiri, nimelisoma mara tatu.

Mimi niko Uingereza mwaka wa 12, nasaidia watoto kwenye kanisa tunaloabudu Kiswahili na Kiingereza. Huku bila cheti cha DBS, yaani cha kuchunguza kama umewahi kutiwa hatiani, hukabidhiwi darasa la watoto. Nilipofika niliona ni usumbufu. Halafu Novemba 2024 ikatoka ripoti ya Makin na Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, akatangaza kujiuzulu, nikaelewa.

Ni habari ya John Smyth, mwanasheria mkubwa, mtu wa kambi za vijana Wakristo. Alikuwa anawachapa vijana viboko vya kutisha kwenye kibanda bustanini kwake karibu na Winchester, anaita ni nidhamu ya kiroho. 1982 viongozi wa zile kambi walijua, ikaandikwa ripoti ya siri, polisi hawakuambiwa. Unajua alikwenda wapi? 1984 alihamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine, watoto wa shule za huko. Huko pia viboko, na kuoga na wavulana. Disemba 1992 kijana wa miaka 16 alikutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea kambini. Wachungaji wa Bulawayo walishtuka wakamwomba mwanasheria David Coltart achunguze, 1993 akaandika ripoti na kuwaonya watu, kesi ikafunguliwa baadaye ikaanguka, Smyth akahamia Afrika Kusini. Amefia Cape Town 2018 bila kuhukumiwa hata siku moja. Ripoti inahesabu zaidi ya wavulana na vijana 100 aliowaumiza.

Kwa hiyo mkristo_wa_kawaida, ndugu yangu, hii ya kuhamisha mtu kimya kimya si ya Wazungu peke yao, na walipoifanya wao mzigo ulishushwa Afrika. Kambi ya Disemba ya mwalimu huyu inanikumbusha hiyo kabisa.

dada_wa_ustawi

Mwalimu nimeona swali lako la pili halijajibiwa. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, niko halmashauri moja huku Bara, naandika kwa uzoefu wa kazi.

Mtoto akikuambia kitu: kaa chini uwe kimo chake, msikilize, usimkatize. Usipige kelele wala kulia mbele yake, maana akiona umeumia atafunga mdomo ili akulinde wewe. Mwambie asante kwa kuniambia, hukukosea, nitatafuta watu wa kutusaidia. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, hiyo ahadi huwezi kuitimiza. Usimhoji maswali ya "alikushika hapa? alikufanya hivi?", unamtia maneno mdomoni na mahakamani wakili atayachomoa hayo hayo. Uliza tu "nini kikatokea?" halafu nyamaza. Andika siku hiyo hiyo maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni ya kitoto, weka tarehe na saa. Na usimwite mtuhumiwa kumuuliza! Hapo ndipo tunapoharibu kesi nyingi, mtu anaitwa na wazee "ajieleze", jioni ameshapanda basi.

Kama ni tukio la juzi juzi, mtoto asiogeshwe, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au gazeti, mfuko wa nailoni unaozesha ushahidi. Nendeni polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto mpewe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, au moja kwa moja kituo cha Mkono kwa Mkono kama hospitali yenu inacho, pale daktari, polisi na ustawi wanakuwa sehemu moja mtoto hazungushwi. Muda ni muhimu, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Usiseme tusubiri Jumatatu. Na kama mtu anayetuhumiwa anaishi nyumbani kwa mtoto, usianze kwa kumwambia mzazi, anza na sisi.

Simu 116 ni bure, saa 24, Bara na Zanzibar. Kenya pia ni 116, Uganda pia, wao wanaiita Sauti. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Kwa wazee wako: Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inasema mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kupeleka taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Haijaandikwa "isipokuwa wazee wa kanisa". Na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ilipopanga watu wanaotumia nafasi zao kubaka imemtaja kiongozi wa dini kwa jina la kazi yake. Adhabu ya kubaka haishuki chini ya miaka 30, mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni maisha. Tena ushahidi wa mtoto peke yake unatosha kumtia mtu hatiani mahakama ikiridhika anasema kweli, kwa hiyo zile habari za "ni neno la mtoto tu" waziache.

Na tusidanganyane kwamba ni nadra. Utafiti wa taifa wa 2009, ule uliotolewa 2011, ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Piga hesabu na watoto wako 140.

ustadh_tanga

Assalaam alaykum nyote. Mwalimu, sisi madrasa tuna shida ile ile, usidhani ni ya makanisa peke yake. Kwetu mtoto anatumwa nyumbani kwa ustadhi akachote maji, akafue kanzu, mzazi anaona ni baraka. Nilipokabidhiwa chuo nilikataza hilo siku ya kwanza. Tukatoa masomo chumbani tukayaleta barazani, wapita njia wote wanaona, na kina mama wawili wanakaa zamu na kazi zao za ukili. Kuna mwalimu mmoja alikasirika akaondoka. Wazazi walinilaumu kwamba nimemfukuza mtu wa Mungu. Sikumjibu mtu.

katekista_nakuru

Mwalimu pole sana na kazi. Mimi niko upande wa Kenya, parokiani. Nitaongeza kitu kimoja tu juu ya kuchagua watu, maana wenzangu wamesema mengi. Cheti cha polisi cha tabia njema ni kizuri uombe, lakini hicho kinaonyesha tu yule alishikwa, na wengi wao hawajawahi kushikwa. Sisi kinachotusaidia ni simu. Mtu akihamia kwetu na anataka kufundisha watoto haraka haraka, tunapigia kanisa alikotoka, hatuombi barua maana barua ya sifa kila mtu anaandikiwa. Tunauliza swali moja: ungemrudishia watoto? Mara mbili nimesikia mtu akinyamaza kwa simu, na hizo mara mbili hatukumchukua. Halafu anakaa miezi sita ya kwanza akisaidia tu mwenzake, hapewi darasa. Mwenye haraka huchoka aende.

Kwa Wakatoliki mnaosoma hapa, Papa Francis Mei 2019 aliagiza kila jimbo liwe na mahali watu wanaweza kupeleka malalamiko kama haya, ulizeni kwenu kiko wapi na nani anapokea. Lakini polisi ni polisi, hicho hakichukui nafasi yao.

mkristo_wa_kawaida

Nimesoma yote jana usiku na leo asubuhi tena. Nilikuwa mzee wa kanisa miaka sita. Kuna kikao kimoja nilikaa, kilifanana na hicho alichosimulia sauti_ya_pili, na nilipiga kura mtu ahamishwe, nikaona tumefanya la huruma. Sijui huko alikokwenda. Leo nimempigia aliyekuwa katibu wetu nimwombe tutafute. Dada_wa_ustawi, naomba nikutafute inboksi.

dada_wa_ustawi

Karibu baba, njoo leo hii hii usisubiri.

mwl_sandeskuli_mza

Nimewasoma wote, kuna sehemu nilishindwa kuendelea ikabidi nitoke nje kwanza. Sauti_ya_pili, Mungu akutunze, nimenakili maneno yako bila jina na nitayasoma kwenye kikao kama utaniruhusu, ukisema hapana nitayaacha.

Leo nilikwenda kwa yule kaka wa kinanda kabla sijaenda kwa mtu mwingine. Niliogopa sana. Nikamweleza mpango wote, kioo, watoto wawili wawili, mzazi kukaa. Akakaa kimya kidogo halafu akaniambia na yeye alipokuwa mdogo kuna mtu alimfundisha muziki, hakuendelea. Akasema fundi aje kesho, atachangia nusu ya hela ya kioo. Chumba cha mavazi tumekubaliana na mama mchungaji kitafungwa usiku wa mkesha, watoto walale ukumbini mbele ya wamama, taa ya pembeni iwake. Kambi ya Disemba nimesema bila watu wazima wawili kila bweni haiendi, hata kama ni kuipunguza iwe siku mbili.

Jumapili nasimama mbele ya wazazi kama skauti_wa_moshi alivyosema. Kikao cha wazee ni Jumamosi ijayo saa kumi.

Dada_wa_ustawi, swali la mwisho: ile namba 116 nataka kuibandika ukutani, wazee wanasema iwekwe ubao wa matangazo pale juu. Mimi nafikiria iwe chini, kimo cha mtoto wa darasa la pili, na nyingine ndani ya mlango wa choo cha watoto ambapo atasoma bila kuonekana. Ni sawa?

dada_wa_ustawi

Ni sawa kabisa. Na iandike kubwa, watoto wa darasa la pili wengine ndio kwanza wanajifunza kusoma tarakimu.